Mwenye nyumba Marekani anataka niondoe dishi kwenye roshani: je, ana haki hiyo?

Mpangaji_Houston
Ndugu zangu, ninapanga nyumba katika ghorofa ya pili hapa Houston, Texas, na roshani yangu inatazama kusini. Mwezi uliopita nilifunga dishi la televisheni la inchi 24 kwenye mlingoti mfupi nilioubana kwenye ukingo wa roshani, bila kutoboa ukuta. Wiki hii kampuni inayosimamia majengo imebandika barua mlangoni pangu ikinipa siku saba niliondoe, kwa kuwa mkataba wa upangaji unakataza madishi ya aina yoyote, na nikitaka kulirudisha niombe kibali na kulipa dola 150 zisizorudishwa. Nakiri kwamba mkataba niliusoma juujuu kabla ya kutia saini. Je, saini yangu imenifunga, au ipo sheria iliyo juu ya mkataba?

Msomaji_wa_Sheria
Ndugu mleta mada, sheria ipo, na katika jambo hili iko juu ya mkataba wako. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliiagiza Tume ya Mawasiliano ya Marekani, yaani FCC, izuie masharti yanayomnyima mtazamaji matangazo ya setilaiti. Kanuni iliyotokana na agizo hilo, ambayo wengi huiita OTARD, ilianza Oktoba 1996 kwa wenye mali, na tangu Januari 22, 1999 inawalinda wapangaji pia. Dishi lisilozidi kipenyo cha mita moja, likiwa mahali ambapo mpangaji peke yake ndiye mwenye matumizi, kama roshani au kibaraza, haliwezi kupigwa marufuku kwa kifungu cha mkataba. Vilevile hairuhusiwi kuweka sharti linalochelewesha ufungaji au kuongeza gharama zake pasipo sababu ya msingi, na kwa maoni yangu hizo dola 150 zinaangukia hapo moja kwa moja.

Hata hivyo, kanuni hiyo haikupi paa, ukuta wa nje, wala eneo lolote la pamoja, na mwenye nyumba anaweza kukukataza kutoboa ukuta wa nje ili kupitisha waya. Kwa hiyo naomba utufafanulie: dishi lenyewe limekaa ndani ya ukingo, au limening'inia nje?

Mpangaji_Houston
Nashukuru sana. Nimekwenda kupima sasa hivi. Mlingoti uko ndani, lakini sahani ya dishi imetokeza nje ya ukingo kama sentimita 30.

Msomaji_wa_Sheria
Basi hizo sentimita 30 ndizo kesi yao nzima, ijapokuwa barua yao haikuzitaja. Hewa iliyo nje ya ukingo haihesabiwi kuwa sehemu ya nyumba uliyopanga. Lirudishe ndani kabla hujawajibu.

Fundi_Dishi_Temeke
Niongeze la ufundi. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Huku Dar es Salaam dishi la DStv tunalielekeza karibu utosini, lakini Houston iko nyuzi 30 kaskazini, ndiyo maana roshani inayotazama kusini ni bahati. Jirani yako wa upande wa kaskazini ana haki ileile lakini hana mawimbi. Ukilirudisha dishi ndani huku umeliacha juu, dari ya roshani ya juu yako italiziba. Liweke chini kwenye stendi ya miguu mitatu, hatua moja nyuma ya ukingo, ulielemee kwa matofali ili upepo usilisukume. Hapo litaona anga juu ya ukingo na chini ya dari. Waya upitishe mlangoni kwa kipande kile bapa kinachouzwa kwa kazi hiyo.

Msomaji_wa_Sheria
Ushauri wa fundi unakumalizia nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni barua fupi, yenye picha za dishi likiwa ndani, ukiwataka waeleze ni sababu ipi ya usalama au ya uhifadhi wa jengo la kihistoria wanayoitegemea, maana hizo ndizo sababu ambazo kanuni inazitambua, na ni juu yao kuzithibitisha, si juu yako kuzikanusha. Wangekuwa na dishi moja la pamoja linalokupa huduma ileile, kwa ubora uleule na bila gharama ya ziada, wangeweza kukuzuia kufunga lako. Barua yao haisemi hivyo. Wakishikilia msimamo, unaweza kupeleka ombi FCC, na shauri likiwa bado linasikilizwa hawaruhusiwi kukutoza faini, isipokuwa katazo lao liwe la usalama au la uhifadhi. Hata ukishindwa, madhali madai yako hayakuwa ya upuuzi, utapewa angalau siku 21 za kutii kabla ya faini yoyote.

Mpangaji_Houston
Stendi nimeagiza. Barua nitaipeleka Jumatatu kwa mkono, nami nitaomba wagonge muhuri kwenye nakala yangu.