Mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi santuri: zaidi ya jina

Mwalimu wa Moro: Wapendwa, naandaa ubao wa wanawake waliotangulia kwa ajili ya kidato cha pili. Bibi Titi Mohamed yupo, Wangari Maathai na Nobel yake ya 2004 yupo. Jana binti mmoja kaniuliza, "Na wa kwanza kuimba kwenye santuri?" Nikajibu Siti binti Saad, nikakwama hapo hapo. Mwenye kumjua zaidi ya jina anisaidie.

Mpenda Santuri: Umejibu sawa. 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, India, wakarekodi kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice.

Binti Mfinyanzi, Unguja: Mwalimu wangu, usimwanzie Bombay, mwanzie Fumba, kijijini kwake huku Unguja. Wazazi wake wafinyanzi, naye akijitwika vyungu kwenda mjini kwa miguu huku akinadi. Mama yangu hufinyanga, najua: chungu kikilia "ta!" motoni, jasho la siku nyingi limekwenda. Na mchuuzi wa kutembeza duka lake ni koo. Sauti ile ilianza kukomaa njiani.

Mjini alihamia 1911, hajui kusoma wala kuandika. Mwanamuziki Muhsin Ali akamfunza kuimba, mashairi akayashika kwa moyo. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaimba Kiswahili, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini, wakasikia mambo yao wenyewe. Wapo waliomsimanga eti kaja mjini na kaniki. Kaniki, nguo ya kazi! Mpaka leo inaniuma.

Marehemu bibi alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Santuri moja ya Siti ilikuwa na mkwaruzo, sindano ikifika pale inaruka, na bibi anaimba yeye yale maneno yaliyorukwa, halafu anamwachia Siti aendelee. Mimi wimbo ule naujua kwa sauti mbili.

Mwalimu wa Moro: Ahsante sana, dada. Aliimba mapenzi tu?

Binti Mfinyanzi, Unguja: Hata! Sikiliza "Kijiti": mwanamke mgeni kauawa, muuaji kakimbilia bara, adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti akaisema hadharani. Ndiyo maana TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Mwalimu wa Moro: Kesho nikitoka kazini napitia sokoni kununua chungu. Nitakiweka chini ya jina lake, na yule binti ndiye atakayewasimulia wenzake.