Diklofenaki na utando wa seli wa kutengeneza maabara: jopo likiuliza "kwa nini si seli halisi" nijibu nini?

Njiro_masta
Wakuu habari za jioni. Niko Arusha nasoma masta, nataka kuangalia diklofenaki, ile dawa ya maumivu, inafanya nini ikikutana na utando wa seli. Supavaiza kanishauri nitumie liposomu, vile vifuko vidogo vya lipidi (mafuta ya utando) unavyotengeneza mwenyewe. Sasa propozali nawasilisha karibuni na najua kuna mtu kwenye jopo atasema hiyo si seli, haina protini haina chochote, itamsaidia nani? Halafu ile mashine ya kupima lipidi zinalegea kwenye joto gani hatuna, tuna spektrofotomita ya UV basi, ile inayopima mwanga unaofyonzwa na sampuli. Kazi inawezekana kweli au nibadilishe mada mapema?

Kiboriloni_dawa
Usibadilishe mdogo wangu. Mimi mfamasia huku Moshi, ngoja nikupe mfano wa amfoterisini B, ile tunayotumia kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Inashika ergosteroli, aina ya mafuta (steroli) kwenye utando wa fangasi, sisi tuna kolesteroli, na hizo mbili zinafanana kiasi kwamba dawa inagusa na ya kwetu, ndo maana figo zinaumia. Sasa utajuaje kwamba kinacholengwa ni ergosteroli na sio protini fulani ya fangasi? Unatengeneza liposomu za aina mbili, kila kitu sawa isipokuwa hiyo steroli tu, unaweka dawa unaangalia zipi zinavuja mapema, na ni zile za ergosteroli. Kwenye seli nzima hilo huwezi maana ukigusa kitu kimoja vinasogea kumi.

Na vifuko hivyo hivyo vikaja kubeba dawa yenyewe, amfoterisini ya liposomu haiumizi figo kama ile ya zamani. Mwaka 2022 WHO wakapendekeza kwa wenye VVU waliopata homa hiyo dozi moja tu ya 10 mg kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli. Wakiuliza inamsaidia nani, waambie huyo mgonjwa.

fundi_wa_maabara
Kiboriloni kamaliza upande huo. Mimi naongeza Gorter na Grendel, Leiden, 1925: walitoa lipidi kwenye chembe nyekundu za damu wakazitandaza juu ya maji wakakuta zinatosha kufunika seli mara mbili. Yaani hata kujua kwamba utando una tabaka mbili kulianzia kwenye lipidi tupu.

Vifaa: diklofenaki inafyonza UV karibu na 276 nm, kwa hiyo spektrofotomita inatosha. Ongeza liposomu kidogo kidogo uone mkunjo unavyohama dawa ikiingia kwenye lipidi. Liposomu zenyewe zinatawanya mwanga sana, blanki yako (sampuli ya kulinganishia) iwe liposomu kiasi kile kile bila dawa, sio maji, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kama dawa umeiyeyusha kwenye ethanoli basi weka na liposomu zenye ethanoli peke yake, maana ethanoli nayo inalegeza utando na utasema ni diklofenaki kumbe siyo.

Ila kikubwa kuliko vyote ni pH. pKa ya diklofenaki, yaani pH ambapo nusu yake ina chaji, ni kama 4, kwenye 7.4 karibu yote ina chaji, ukishuka chaji inapungua na inapenda mafuta zaidi, na tumboni ndiko inakoumiza watu. Fanya 7.4 na 5. Usishuke sana, kwenye asidi haiyeyuki vizuri, itaganda na uwingu wake utakudanganya.

Njiro_masta
Aisee asanteni sana, la pH sikuliwaza kabisa. Lipidi nikitoa kwenye kiini cha yai itafaa? Za kuagiza bei yake kali.

fundi_wa_maabara
Inafaa kwa kuanzia, lesithini ya yai watu wanaitumia miaka yote. Ila ni mchanganyiko na inalegea chini ya sifuri, usitegemee ile nyuzi 41 ya DPPC, lipidi safi ya kuagiza, unayoiona kwenye makala. Ifunike na nitrojeni uweke kwenye friza, inaoza kwa hewa, na iliyooza inavuja hata bila dawa.

Kiboriloni_dawa
Ukipata matokeo, pima na chembe nyekundu za damu, hizo ni seli halisi, ukisoma kwenye 540 nm hemoglobini iliyovuja. Mashine ni hiyo hiyo uliyonayo. Kibali cha maadili omba sasa hivi kabla hujaanza kitu, kinachelewa.