Mrejesho: Yule kijana Mmormoni niliyeuliza kama nimsubiri

Habari zenu wapendwa, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama nimsubiri mpenzi wangu Mmormoni (muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) anayeenda misheni, yaani kulihubiria kanisa lake miezi 24, na kwa nini alikataa chai ya mama mpaka mama akaona kadharauliwa.

Ya chai yameisha. Alirudi mwenyewe akamwelezea mama kuhusu Neno la Hekima, mafundisho waliyopewa tangu 1833, hawanywi kahawa, pombe wala chai ya majani. Mama akamchemshia tangawizi tupu, jamaa akakishika kikombe kwa mikono miwili akanywa chote, mama akacheka kabisa, mi nikapumua.

Misheni sasa, hapo ndo pagumu. Huko hamna mapenzi, anatembea na mmisionari mwenzake muda wote, na kwao anapiga simu mara moja kwa wiki (kabla ya 2019 ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu!), mimi nitapata imeili siku yake ya maandalizi, ile siku moja ya wiki ya kufua na mambo yake binafsi. Nimelia jamani sitaki kudanganya, ila nimemwona anafunga Jumapili ya kwanza ya mwezi na hela ya milo miwili asiyokula anaitoa kwa maskini bila kumtangazia mtu, nikasema huyu hachezi na imani yake na hatacheza na mimi.

Hajaniomba nibatizwe wala nimsubiri, kasema niamue mwenyewe. Nimeamua namsubiri. Anaondoka wiki ijayo, mama ndo anampangia begi.