Eti nirudi Mwaloni nikaanike dagaa!

Wakuu, sina usingizi. Naandika kwa simu nimekaa kwenye ngazi za ofisi hapa Mwanza mjini, mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua. Yule wa miwani ya jua ndani ya chumba cha seva. Sitaji jina.

Leo mbele ya bosi, mbele ya wahasibu, mbele ya dada wa chai na sinia lake, nimeambiwa: "Wewe rudi Mwaloni ukaanike dagaa, mambo ya otomatiki tuachie wenyewe." Dagaa! Mimi!

Kisa? Tunahama VMware kwenda Proxmox, zile programu za kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta nyingi ndani ya seva moja. Mashine pepe 14. Nikamwambia kaka, hamisha moja kwanza tuone kama inawaka. Na hizi za Windows zitie draiva za VirtIO, zile za kuzungumza na diski na kadi za Proxmox, kabla hazijahama, la sivyo zitaamka hazioni diski zao. Hapo ndipo likaja la dagaa. Dada wa chai kacheka mpaka maziwa yakamwagika.

Basi kaandika skripti yake: inazima mashine, inageuza diski za VMware (vmdk) kuwa za Proxmox (qcow2), inawasha upande wa pili, inafuta ya zamani. INAFUTA! Haiulizi imewaka au haijawaka. Kabonyeza, kaenda zake Capri Point kula sato. Karudi anakuta skrini za bluu zimejipanga utadhani ziwa lote limehamia kwenye monita. Za Linux zimewaka, ila mtandao hamna, maana kadi ya mtandao iliyokuwa ikiitwa ens192 sasa inaitwa ens18 na mafaili bado yanamtafuta marehemu. Na nani kaambiwa alale ofisini azirekebishe? Mwanika dagaa.

Mbele ya sinia la chai, wakuu.

Sangara Mkavu: Nimewahi siti ya mbele. Swali dogo mkuu, dagaa wa kukaanga au wa kuchemsha?

Fundi Waya: Mleta uzi acha kulia. Pachika diski kama SATA, njia ambayo Windows inaijua bila draiva mpya, itawaka. Ongeza kidiski cha SCSI, ile njia inayotaka VirtIO, weka draiva, zima, hamishia ile kubwa SCSI. Kwisha. Na tangu toleo la 8.2 Proxmox yenyewe inavuta mashine kutoka ESXi, ile seva ya VMware, skripti ya nini?

Mleta uzi: NAIJUA HIYO! Ndiyo nilikuwa naisema nikaambiwa dagaa!

Mama Igoma: Mimi naanika dagaa na nimejenga. Wewe una mashine 14 na umepanga chumba Buzuruga. Tusi liko wapi hapo?

Kamanga Gizani: Tangu Broadcom wainunue VMware 2023 wakafuta leseni za kulipa mara moja, kila mwenye laptop kawa mtaalamu wa kuhamisha. Kwetu yupo pacha wake. Kawasha mashine ya zamani na mpya kwa pamoja, anwani ya mtandao (IP) moja. Siku nzima mhasibu anaingiza malipo, nusu yanaingia huku, nusu kule. Mimi ndiye niliyeitwa mchawi.

Mama Igoma: Afadhali nyie. Juzi mvua imenikuta dagaa wote wako chini. Nimepigana na maturubai usiku kucha.

Sangara Mkavu: Pole mama. Waliopona debe bei gani?

Mama Igoma: Njoo inboksi.

Fundi Waya: Niwekee madebe mawili.

Kamanga Gizani: Jamani, na la mchawi je?

Mleta uzi: Mama, na mimi debe moja. Wasiwe na mchanga.