Mdogo wangu na nipa (gongo ya kwetu): tumetoka tumbo moja, kwanini yeye?

BintiTandahimba:
Habari zenu ndugu zangu, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kifuani. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 31, yuko kijijini Tandahimba kwenye mikorosho ya marehemu mama. Zamani alikua anakunywa uraka, ile pombe ya matunda ya mkorosho, msimu wa mabibo kama vijana wote, msimu ukiisha nae anaacha. Sasa huu mwaka wa nne, mabibo yawepo yasiwepo yeye ni nipa kila siku. Hela ya korosho iliingia Jumatano, Jumapili mkewe hana hata ya sabuni.

Wiki iliyopita nilienda. Nimeamka alfajiri namkuta jikoni kakaa kwenye kinu kilicholazwa, kashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado inamwagikia magotini. Hakuniona. Akainuka, akazamisha mkono kwenye gunia la korosho akatoa kichupa, akapiga mafunda mawili, alivokaa tena mkono umetulia kabisa. Nikarudi ndani nikalia.

Baba yetu alikua mnywaji, kafariki mi nina 12 yeye 7. Mi nikabaki na mama kwa bibi, yeye akachukuliwa na mjomba. Mi hata kuonja sijawahi. Kwanini yeye? Ni tamaa, ni damu, au karogwa kama wanavosema pale kijijini? Nataka nijue chanzo, maana kumsema tumemsema mpaka mate yamekauka.

Mwera_Halisi:
Dada pole ila huyo ni tamaa na kudekezwa. Mfungieni ndani wiki nzima, chakula mnampitishia dirishani, atanyooka.

NesiMstaafu:
Mwera_Halisi tafadhali, huo ushauri unaua. Binti, mtu anaetetemeka asubuhi mpaka azimue, mwili wake umeshajipanga kuishi na pombe, ukimkatia ghafla bila dawa anaweza kudondoka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na ikifika ya tatu au ya nne akaanza kuweweseka, jasho linamtoka, anaona watu na wadudu ambao hawapo. Hapo ndo ndugu husema majini yamepanda, anapelekwa kwa mganga na anafia njiani. Nimeviona vifo hivo wodini na vyote vilikua vya kuzuilika. Hospitali wanampa dawa za kumtuliza, wanazipunguza kidogokidogo, na vitamini B1 maana pombe ya muda mrefu inaimaliza mwilini. Msimfungie.

Ticha_Nachingwea:
Nimjibu dada kwenye "kwanini yeye" maana ndo swali lenyewe. Damu ina sehemu yake, tafiti za mapacha na za watoto walioasiliwa zinaonesha kama nusu hivi ya hatari ya ulevi inatokana na urithi. Ila nusu sio yote, ndo maana we na yeye baba mmoja na mmetoka tofauti.

Marekani mwaka 1998 madaktari Felitti na Anda walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 9,000, waliwauliza mambo ya utotoni, kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kuishi na mlevi, mama kupigwa. Waliopitia aina nne au zaidi walikua na hatari ya ulevi, madawa, sonona na kujaribu kujiua mara 4 mpaka 12 kuliko ambao hawakupitia hata moja. Kingine, wanajeshi wao waliokua Vietnam, kama mmoja kati ya watano alikua teja wa heroini kule. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliporudi nyumbani 1971, kati ya wale mateja ni kama asilimia 5 tu walirudia uteja ndani ya mwaka wa kwanza. Kitu kilekile kipo duniani, ila vita hakuna tena na mazingira ni mengine. Kwahiyo dada mi ningeuliza huyu mdogo wako vita yake ni ipi. Na miaka minne iliyopita kulitokea nini?

BintiTandahimba:
Miaka minne iliyopita ndo mama alifariki. Sikuwahi kuviunganisha.

Mikindani_Boda:
Dada mi nimeacha mwaka wa sita huu. Watu walikua wananiuliza kwanini unakunywa, najibu starehe, uongo mtupu, mi nilikua nakunywa nipate usingizi. Bila kitu kichwani ikifika saa nane usiku macho makavu, mambo ya nyuma yanakuja moja moja. Mwanzo inakulaza kweli, baadae inakuamsha yenyewe saa tisa kwa arosto, unakunywa ili ulale tena, we mwenyewe hujui ushaingia lini. Kilichonisaidia, shangazi yangu siku moja hakunisema, aliniuliza tu "usiku unalala?" Nililia kama mtoto. Usimuulize kwanini unakunywa, muulize analalaje.

NesiMstaafu:
Na umuulize asubuhi akiwa keshatulia, mkiwa wawili tu.

BintiTandahimba:
Ndugu zangu narudi, nilipanda gari la alfajiri Jumamosi. Tulikua chini ya mkorosho tunaokota, nikamuuliza, mdogo wangu usiku unalala? Akaendelea kuokota muda mrefu sana. Baadae akasema kule kwa mjomba alikua analazwa kwenye ghala juu ya magunia, mjomba akirudi kalewa anafungua komeo anaingia na fimbo, sio kwa kosa, usiku wowote tu. Alivoacha kuishi kule mama alikua anakaa nae mpaka apitiwe na usingizi, hata alipokua mtu mzima, akienda kwa mama ndo analala vizuri. Mama alivoondoka, basi. Kasema mpaka leo akisikia komeo la mlango usiku moyo unamwenda mbio.

Mi miaka yote hiyo nilikua kwa bibi nalala kitanda kimoja na mama.

Jumatatu naenda nae hospitali ya Ligula, Mtwara, kakubali mwenyewe, nitaulizia wa afya ya akili na hizo dawa za kupunguza. Mkewe tumeongea, lile komeo la chumbani kwao kaling'oa, kafunga kamba ya katani.