Mganga wangu anaponya kila kitu, fitina za kasri zimekosa makali. Naombeni ushauri

Kalamu ya Usiku:
Habari zenu wakuu. Naandika riwaya ya ulimwengu wa kufikirika, ufalme wa visiwani usiokuwepo kwenye ramani yoyote. Mhusika mkuu ni Mwanaidi, binti wa mvuvi, mwenye kipaji cha kuponya kwa kugusa. Mfalme anaumwa, waziri anaomba afe upesi ili mpwa wake akalie kiti, na malkia kamwingiza binti kasrini kwa mlango wa nyuma.

Ugumu umeanza fitina zilipopamba moto. Mfalme akitiliwa sumu, Mwanaidi anamgusa, kapona. Mlinzi akichomwa jambia, kapona. Waziri anapanga hila nzito nzito na zote zinafutwa na kiganja kimoja. Nimewaza kumwekea kiwango, aponye mara chache tu kwa mwezi, ila naona kama sheria ya gemu, haina uhai. Hadithi hii naipenda sana, sitaki kuitupa. Mnaoandika, au mnaosoma habari za wafalme, nisaidieni.

Mtoto wa Ujiji:
Mkuu, mpe gharama. Kila anayemponya, maumivu yahamie kwake.

Kalamu ya Usiku:
Asante mkuu. Hilo nililiandika, lakini Mwanaidi anabaki kuwa wa kuhurumiwa tu, na waziri hana kazi zaidi ya kusubiri achoke.

Bi Mkubwa wa Vitabu:
Mwanangu, muache Mwanaidi na nguvu zake. Kinachoua fitina yako ni kwamba kasri zima linajua mfalme anaumwa nini na anatibiwa na nani. Ficha hayo mawili uone.

Chukua Urusi ya Tsar, yaani mfalme, Nicholas wa Pili. Mwanawe wa pekee wa kiume, Alexei, alizaliwa 1904 na ugonjwa wa damu kutoganda. Akijigonga kidogo tu, damu inavujia ndani na mtoto anateseka siku nyingi. Familia ikaamua wananchi wasijue. Mwaka 1912, wakiwa Spala, katika Poland iliyokuwa chini ya Urusi, hali ikawa mbaya mpaka akasomewa sala za wanaokufa. Mama yake, Alexandra, akamtumia telegramu Rasputin, mkulima wa Siberia aliyesifika kwa maombi. Jibu likaja kwamba mtoto hatakufa, na madaktari wasimsumbue sana. Mtoto akapata nafuu.

Sasa tazama fitina inapopenyea. Mama anajua kwa nini anamhitaji yule mtu, nchi haijui. Watu wanaona mkulima mwenye ndevu ndefu ana njia ya kumfikia mke wa Tsar, basi kila mmoja anajaza pengo kwa anavyotaka. Wengine wakasema ni hawara yake. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokuja wakasema wote wawili wanawatumikia Wajerumani. Yaani kadiri alivyoaminiwa chumbani kwa mgonjwa, ndivyo alivyochukiwa nje. Desemba 1916 wakubwa wenyewe wakamuua, akiwemo Felix Yusupov aliyemwoa mpwa wa Tsar. Miezi michache baadaye kiti cha enzi kikaanguka.

Kwa hiyo waziri wako aweke sumu pembeni, ashike uvumi. Mwanaidi akizidi kuponya, malkia azidi kuchafuka, na asiweze kujitetea bila kuutoboa ugonjwa wa mumewe.

Msomaji wa Ngomeni:
Naungana na bibi, ila kuna upande kauacha. Kuponya kwenyewe kunaweza kuwa ndiyo hati ya kiti.

Uingereza na Ufaransa, kwa karne nyingi iliaminika kwamba mfalme halali anaponya uvimbe wa tezi za shingo kwa kugusa. Charles wa Pili wa Uingereza aligusa maelfu kwa maelfu. Mgonjwa anapiga magoti, mfalme anampapasa kwa mikono yake, kasisi anasoma Injili, kisha mgonjwa anavishwa shingoni sarafu ya dhahabu iliyotobolewa tundu na kupitishwa utepe. Sasa mwanawe wa nje ya ndoa, Duke wa Monmouth, mwaka 1680 akazunguka magharibi mwa nchi, naye akaanza kugusa wagonjwa. Maana yake kila mtu aliielewa. Mwaka 1685 akaingia vitani kudai taji, akashindwa, akakatwa kichwa.

Ukiandika kwamba katika visiwa vyako anayeponya ndiye mwenye haki ya kutawala, huyo binti wa mvuvi ni nani? Hata malkia aliyemleta ataanza kumtazama kwa jicho jingine.

Kalamu ya Usiku:
Mkuu, umenifungua macho. Mfalme mwenyewe atamwogopa mtu anayemweka hai! Limebaki moja. Nahitaji kifo cha kweli, mtu ambaye Mwanaidi atamshika na asiamke.

Mwana wa Mwambao:
Hapo mrudie Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani yetu. Hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Sultani wa Pate aliacha kupambana naye, akamwendea mwana wa Liyongo na kumwahidi kumwoza bintiye. Kijana akaenda kumuuliza baba. Baba akahisi ametumwa, na bado akamwambia. Hapo ndipo mimi huumia kila nikisimuliwa. Liyongo akachomwa na mwanawe usingizini, akainuka na upinde wake hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akafa vilevile. Watu wakakosa maji, wakidhani yu hai, mpaka mama yake akaombwa akamsihi.

Achana na kiwango cha mwezi. Weka jeraha moja lisilosikia mkono wa Mwanaidi, na anayelijua awe mtu anayempenda.

Bi Mkubwa wa Vitabu:
Na ulipande mapema, mwanangu, bila kulielezea. Sura ya pili mtoto akatwe mguu na kombe la chaza ufukweni, Mwanaidi ashike, damu iendelee. Afunge kitambaa, watu waendelee na shughuli zao.

Kalamu ya Usiku:
Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Kaka yake mdogo ndiye atakayekuwepo ufukweni siku hiyo, na baadaye atapata kazi ya kupiga makasia kwenye mashua ya waziri. Narudi sura ya pili usiku huu. Ikikaa sawa nitaileta muipitie.

Mtoto wa Ujiji:
Ilete mkuu. Na waziri asimlazimishe kijana. Amsaidie kwanza, amlipie mahari.