Vumbi la usiku: kikundi cha majirani wa kiwanda cha saruji

Mama Neema: Majirani, mmeamkaje? Nguo nilizosahau kwenye kamba jana zimekuwa kijivu tupu.

Bi Rehema: Kwangu ni mabati. Vumbi la saruji likishapata umande halifagiliki tena, linaganda kama jiwe.

Baba Tumaini: Mchana bomba linatoa moshi mweupe mwembamba. Usiku ndiyo wanamwaga. Wanazima vichujio makusudi hawa!

Idi: Shikamooni wakubwa. Nilifanya kazi kwenye tanuri miaka minne, sehemu nyingine, na simtetei mtu. Kule tulikuwa na kichujio cha umeme, mabamba yanayonasa vumbi kwa chaji. Kaboni monoksidi, gesi inayowaka itokayo pale moto usipochoma vizuri, ikizidi kwenye moshi wa tanuri, umeme wa kichujio unakatika wenyewe, maana cheche moja inaweza kulipua. Kwa dakika hizo vumbi linapanda bombani bila kuzuiwa.

Idi: Ikitokea mara moja ni hitilafu. Ikirudiarudia, tanuri halichomi vizuri, na hilo linarekebishika. Vichujio vya mifuko ya kitambaa havina tabia hiyo.

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo wao wanajua saa ambayo tumemwagiwa?

Idi: Kule kwetu kila kukatika kuliandikwa, na saa yake.

Mzee Salum: Nasikia wataacha makaa ya mawe, watumie gesi. Si ndiyo mwisho wa hewa chafu?

Mwalimu Asha: Shikamoo mzee wangu. Itapunguza, haitamaliza. Mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa yanatoa kaboni dioksidi, hata moto ungekuwa wa jua. Kiasi cha asilimia 60 ya kaboni dioksidi ya klinka, yaani vinundu vinavyotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, inatoka kwenye jiwe, si kwenye makaa. Ndiyo maana saruji peke yake ni kama asilimia 7 au 8 ya kaboni dioksidi ya binadamu duniani.

Mwalimu Asha: Njia ni kupunguza klinka. Ipo saruji ambayo nusu tu ndiyo klinka, iliyobaki ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, mawe ya chokaa yasiyochomwa na jasi kidogo. Udongo huo unatosheka na nyuzi 800 hivi, klinka inataka 1,450.

Baba Tumaini: Mwalimu, ya dunia nimekuelewa. Mtoto wangu anakohoa leo.

Mwalimu Asha: Pole sana baba, ni kweli, nimekwenda mbali. Linaloganda kwenye mabati ni vumbi kubwa, mengi yake yanaishia puani na kooni. La kuogopa zaidi ni lile dogo lisiloonekana, PM2.5, linalofika ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Jicho haliwezi kupima hilo. Tudai vipimo. Na mtoto aonwe na daktari leo, usingoje.

Bi Rehema: Na maji ya mvua?

Idi: Mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe paa. Ndani futeni kwa kitambaa kibichi, msifagie kukavu.

Mama Neema: Basi nafungua daftari. Kila atakayeona vumbi aandike hapa siku, saa na upepo unakotoka. Idi, tukienda kiwandani tuombe nini hasa?

Idi: Kumbukumbu za kukatika kwa kichujio, miezi 6 iliyopita. Mkizilinganisha na daftari letu, mtajua.

Baba Tumaini: Andika la kwanza, mama. Jana, saa nane na dakika arobaini usiku, upepo wa mashariki. Kikohozi cha mtoto ndicho kilichoniamsha.